Ng'ombe Arobaini na Mmoja wa Zengo

Upande wa Bukundi, wilayani Meatu, jina la Zengo limegeuzwa tusi, tena tusi la aina mbili. Zamani mtu akinunua kipande cha sabuni badala ya mche mzima, wenzake walimtania kwamba amekuwa Zengo, maana yake bahili. Siku hizi wanalitumia kwa mtu mjinga, yule ambaye akiambiwa shika, atashika mpaka mkono uoze. Mwenye jina yupo hai. Anapita njiani na jembe begani, anasikia, anakwenda zake.

Wanaosimulia habari yake kilabuni wameikata mkia, na kila mmoja ameongeza pembe zake. Habari yenyewe ilikuwa hivi.

Zengo hakurithi ng'ombe. Baba yake alikuwa nao, wakaisha ndani ya mwaka mmoja, nusu kwa ukame na nusu kwa wezi, na mtoto akakulia kwenye mashamba ya watu akipalilia pamba kwa ujira wa mahindi. Rafiki yake wa kuchunga naye mbuzi alikuwa Joakim. Joakim alisoma, akawa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika, na mizani ile ilimlea vizuri. Mkulima akileta kilo sitini, Joakim alikuwa anaona hamsini na nne, na zile sita hazikupotea hewani. Halafu soko huria likaingia. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani zao, ushirika ukayumba, na wakaguzi wakaanza kupita ghala kwa ghala wakiuliza maswali. Karani mwenye mshahara wa kununua baiskeli alikuwa na ng'ombe kumi na wawili nyuma ya nyumba. Wiki hiyohiyo ng'ombe wakahama.

Aliwaleta kwa Zengo asubuhi, bila shahidi na bila karatasi. Wasukuma wana utaratibu wao wa siku nyingi wanaouita kubilisa. Mwenye ng'ombe humkabidhi mwenzake awatunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, na mara mojamoja anapewa ndama wa ahsante, lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi ili mwenyewe aione alama na kuamini. Na mgeni akiuliza ni wa nani, mtunzaji hujibu, "Ni wangu." Hujibu hivyo bila kupepesa macho, awe anaulizwa na mtoza kodi, na mgambo au hata na mke wake mwenyewe. Kumtaja mwenye mali ni kumvua nguo hadharani.

"Zengo," Joakim alimwambia siku ile, "nakukabidhi roho yangu."

"Nimepokea," Zengo akajibu. Wakatemea mate chini, wote wawili, na ikawa kiapo.

Mtu ambaye hajawahi kulala na njaa asimcheke Zengo. Asubuhi iliyofuata alikamua maziwa ya kwanza katika maisha yake ambayo hakupewa kwa huruma. Mwaka uliofuata akaoa. Domitila alipoingia katika mji ule aliwakuta ng'ombe zizini, akajua ameolewa na mtu mwenye uwezo, na Zengo hakumwambia vingine.

Domitila alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti. Alikamua, alisafisha zizi, aliwapa ng'ombe majina. Watoto walikua wakinywa maziwa yale. Lakini kila shida ilipobisha hodi, Zengo aligeuka jiwe. Nyumba ilivuja miaka saba kabla ya kupata bati. Esteria, binti yao wa kwanza, alirudishwa nyumbani akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ada, na ng'ombe thelathini wakiwa wanacheua pale nje.

"Baba Esteria, uza mmoja tu," Domitila alisema.

"Ng'ombe hawauzwi hovyo."

"Mtoto kusoma ndiyo hovyo?"

Zengo akachukua jembe akaenda shamba. Esteria akaolewa Lamadi, akaishia kuanika dagaa juani, na mama yake akaacha kucheka kwa sauti. Hakugombana. Aliyaweka mambo moyoni, moja juu ya jingine, kama mtu anayepanga kuni za masika.

Zengo naye aliteseka, na isidhaniwe kwamba hakuona. Mara nyingi alitaka kumwambia. Ila kumwambia mke ni kuwaambia shemeji, na shemeji wakijua, soko zima limejua. Basi akameza. Kila ng'ombe alipokufa aliichuna ngozi, akaifunga nyuma ya baiskeli na kwenda nayo hadi njia kuu, akapanda gari mpaka Bariadi, alikohamia Joakim, akaikunjua mbele yake. Katika miaka ishirini na saba alipeleka ngozi kumi na tisa. Hakuna hata moja iliyokosekana. Joakim alimpa ndama wa ahsante watatu kwa muda wote huo, wote Esteria akiwa ameshaolewa, na Zengo alikuwa akisema wabeja, yaani asante, kana kwamba ameongezewa dunia.

Joakim hakuwa karani tena. Alikuwa wakala wa kununua pamba, ana duka la jumla, ana nyumba za kupangisha, ana wake wawili wasiosalimiana. Soko huria lilimpokea kama mtoto wake wa kumzaa.

Ndipo zikaja hereni.

Ilitangazwa kwamba kila ng'ombe atavishwa hereni ya kielektroniki sikioni, yenye namba yake, na jina la mmiliki litaingizwa kwenye mfumo. Wizi utapungua, magonjwa yatafuatiliwa, soko la nje litafunguka. Hayo yalikuwa maneno mazuri, na mengi yalikuwa ya kweli. Kazi ya kuvisha katika vijiji vile ilipewa kampuni ndogo ya watu binafsi, nayo ikamtuma kijana aitwaye Shigela, mwenye kishikwambi, miwani ya jua na haraka. Ng'ombe wakakusanywa kwenye josho. Wanaume walipanga foleni na mifugo yao, wanawake wakaleta uji.

Zamu ya Zengo ilipofika, Shigela hakuinua hata macho.

"Shikamoo mzee. Hawa wote ni wa nani?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Mtu wa mjini angefikiri kidogo. Mfanyabiashara angeuliza kwanza jibu lake litampeleka wapi. Zengo aliulizwa na mgeni swali ambalo amekuwa akiulizwa na wageni miaka ishirini na saba, na mdomo wake ukatoa jibu lilelile, jibu la heshima, jibu la mtu mwaminifu kuliko wote waliokuwa kwenye josho siku ile.

"Ni wangu."

"Wote arobaini na mmoja?"

"Wote ni wangu."

Domitila alikuwa hatua tano kutoka pale, na kata ya uji mkononi. Alisikia, na wengine wote walisikia. Shigela akasema, "Weka dole gumba hapa, mzee." Zengo akaweka. Kidole kilikuwa kimepasukapasuka kwa jembe, mashine ikakikataa mara mbili, ya tatu ikakubali kwa mlio mdogo.

Fedha ya hereni Joakim aliituma kwa mkono wa dereva, si kwa simu, kwa sababu simu huacha nyayo. Alipopewa habari ya josho alicheka mpaka akakohoa. "Umefanya kiume," alisema.

Mwaka uliofuata mvua zikagoma, na Domitila akaanza kuvimba tumbo.

Mwanzoni walisema ni minyoo. Kisha wakasema amerogwa, na mganga mmoja wa jirani akala kuku wawili bila kuona kitu. Zahanati ikawapeleka mbele, mbele ikawapeleka mbele zaidi, na mwishowe daktari mmoja mwenye sauti ya upole akawaambia kuna uvimbe kwenye kizazi, unatakiwa kutolewa Mwanza, na usicheleweshwe. Zengo aliuza wale watatu waliokuwa wake kweli. Kiangazi kilikuwa kimewakausha, wakaenda kwa bei ya mbuzi. Vipimo, nauli na dawa vikawamaliza kabla hata ya kufika Mwanza. Zizini wakabaki thelathini na wanane, na hakuna hata mkia mmoja uliokuwa wa Zengo.

Njia moja ilibaki. Kaya zisizojiweza zilikuwa zinapata msamaha wa matibabu, na Zengo sasa alikuwa hajiwezi kwa kila kipimo. Alimwendea Maximiliana, mtendaji wa kijiji, mama mwenye huruma aliyemfahamu Domitila tangu kwaya.

"Mwadila, baba Zengo. Mhola?"

"Mhola duhu, mayu." Hivyo ndivyo watu wanavyojibu, kwamba ni salama tu, hata nyumba ikiwa inaungua. Kisha akamweleza.

Zamani msamaha ulikuwa barua. Mtendaji anaandika, mwenyekiti anagonga muhuri, mgonjwa anakwenda. Kulikuwa na wizi mwingi katika barua zile, wenye maduka walitibiwa bure na mafukara wakalipa, ndiyo maana zikafutwa na ukaletwa mfumo usioonea mtu wala kumpendelea mtu. Maximiliana aliingiza jina. Akasubiri. Uso ukamshuka.

"Baba, inasema una ng'ombe thelathini na wanane."

Zengo akavua kofia.

"Inakataa yenyewe. Mimi sina mahali pa kubonyeza." Akamgeuzia kioo aone, na kweli, kulikuwa na maandishi mekundu. "Lakini baba, kwa nini uhangaike? Uza wawili. Wawili tu, mama anapona."

Zengo alitazama mikono yake. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Si wangu," alisema.

Shigela alikuwa kwenye meza ya pembeni akichaji kishikwambi chake. Akacheka, si kwa ubaya, ni kwa mazoea. "Mzee, wiki hii wewe ni wa tisa. Siku ya hereni kila mtu tajiri, siku ya msamaha kila mtu ng'ombe ni wa jirani."

"Ni wa rafiki yangu."

"Rafiki gani? Mtaje. Aje mwenyewe, akubali, aweke kidole. Tena hata akija, kubadilisha mmiliki ni mpaka uhakiki ufunguliwe mwakani."

Jina la Joakim lilifika mpaka kwenye meno. Zengo akalirudisha. Akaaga, akaondoka, na Maximiliana akabaki akimtazama mgongoni kwa mashaka, maana hata yeye sasa alianza kuona kwamba ni bahili tu.

Kesho yake alikuwa Bariadi. Alimkuta Joakim ndani ya duka, nyuma ya mifuko ya sukari, amenenepa, simu mbili mezani. Safari hii hakubeba ngozi. Alieleza yote, akiwa amesimama, kofia mkononi. Aliomba moja kati ya mawili. Joakim aje aseme ukweli ili msamaha utoke, au amruhusu auze madume mawili, naye atayalipa kwa kuchunga mpaka afe.

Joakim alimwonea huruma. Hilo lisemwe. Alimwagizia soda.

"Ndugu yangu, unajua mfumo ni nini?" aliuliza. "Jina langu likiandikwa mle, kila ofisi inaliona. Wa kodi wanaliona. Wanangu wa nyumba zote mbili wanaliona, na wale wanasubiri nife wagawane. Wakijua kuna zizi huko Meatu, watanitafuna nikiwa mzima."

"Domitila anakufa."

"Wanawake wana roho ngumu. Subiri mvua inyeshe, ng'ombe wanenepe. Ukiuza sasa ni hasara tupu." Akafungua droo, akatoa noti mbili, akaongeza mfuko mdogo wa sukari. "Mpe pole shemeji. Na kumbuka tulitemea mate."

Zengo alipokea sukari. Alipofika nje aligundua kwamba amesema wabeja, akajichukia.

Siku ya mnada wa wiki ile alimtoa dume mmoja zizini, mweusi mwenye baka jeupe usoni, akamswaga hadi mnadani. Alikuwa ameamua. Kiapo ni kiapo, lakini na mke ni mke. Ofisa akapitisha kifaa sikioni mwa dume, kikalia, jina la Zengo likatokea na kila kitu kikawa sawa. "Mali yako haina tatizo, mzee. Lete mnunuzi." Mnunuzi alikuwa tayari, anahesabu noti kwa kidole kilicholowanishwa mate. Sheria ilikuwa upande wa Zengo, na mashine ilikuwa upande wake. Katika mnada mzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba anaiba.

Alisimama pale na kamba mkononi. Alimkumbuka mama wa dume yule, na bibi yake, aliyekuja asubuhi ile ya kwanza akiwa ndama. Akaikumbuka sauti ya Joakim ikisema roho yangu. Kisha akageuka, akamswaga dume kurudi nyumbani, na nyuma yake mnadani watu wakapasuka kicheko.

Alikuwa mjinga? Ndiyo, mjinga. Aliye na jina jingine la kumpa alitoe. Lakini waliomcheka siku ile, wengi wao wamekabidhiwa visivyo vyao na wamevila, na hakuna anayeyatumia majina yao kama tusi.

Domitila alimwona kupitia mlangoni, mtu na dume lake, wanarudi wote wawili. Alikuwa amelala kwenye ngozi, tumbo juu, mikono imebaki mifupa.

"Umeshindwa kumwachia," alisema.

Ndipo Zengo alipopiga magoti akamwambia. Alimwambia yote, tangu mizani ya ushirika, wakaguzi, mate waliyotema, ngozi kumi na tisa, mpaka soda ya Bariadi. Maneno yalimtoka kwa fujo, kama ng'ombe wanaotoka zizini wakigombania mlango, na alipomaliza alikuwa analia waziwazi. Alidhani amejitua mzigo. Alidhani mke atamshika kichwa.

Domitila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa kwenye josho," alisema taratibu. "Nilishika kata ya uji. Ulisema ni wangu. Ukaulizwa tena, ukasema wote ni wangu. Ukaweka kidole."

"Nilisema kwa sababu..."

"Miaka yote ni wako. Esteria alipofukuzwa shule walikuwa wako. Mbele ya serikali walikuwa wako. Leo nimeugua mimi, ndiyo wamekuwa wa Joakim?" Akapumua kidogo, kwa shida. "Ungesema tu hunipendi, baba Esteria. Ningekuelewa. Lakini usinidanganye nikiwa hapa."

"Mama Esteria, naapa..."

"Usiape."

Akageukia ukutani. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Alikunywa maji aliyopewa na Esteria, aliyekuja kutoka Lamadi, na aliyoletewa na mumewe hakuyagusa. Siku ya kumi na mbili, jua likiwa limeshapanda, alikata roho akiwa bado ameelekea ukutani.

Msibani watu walijaa, na kila aliyeketi jamvini alikuwa na jicho moja kwa marehemu na jicho jingine kwa zizi. Waliandaliwa ugali na maharage. Kaka wa marehemu, Bujiku, mwanaume mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akasimama.

"Dada yangu amekufa kwa kukosa madume mawili," alisema. "Sasa amezikwa kwa maharage. Nasema hivi. Kesho tunachinja wawili, watu wale. Na waliobaki tutawagawa kwa watoto wake, kwa sababu huyu si mtu wa kukabidhiwa mali."

Zengo alikuwa amekaa chini, kichwa kati ya magoti. Lakini simu haina msiba. Kabla maharage ya mchana hayajapakuliwa, maneno ya Bujiku yalikuwa yamefika Bariadi, nyuma ya mifuko ya sukari.

Joakim alikuja asubuhi ya siku ya tatu kwa gari, amevaa suti, na ndani ya gari alikuwa na Shigela pamoja na mashahidi wawili. Alisalimia wazee kwa heshima zote, akatoa rambirambi, akakohoa.

"Jamani, nasikia kuna maneno ya kuchinja," alisema. "Ni lazima niseme ukweli mbele ya Mungu na mbele yenu. Ng'ombe wale ni wangu. Nilimkabidhi Zengo mwaka tisini na tano. Zengo mwenyewe ni mtu mkweli, hawezi kukana."

Hofu ya kodi ilikuwa imeisha, na hofu ya wana wa nyumba mbili pia. Maneno ambayo hayakuweza kusemwa kwa ajili ya kumwokoa mwanamke yalisemwa mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya kuokoa madume mawili. Esteria aliinua uso, akamtazama baba yake, na ikaonekana wazi kwamba anaelewa jambo ambalo mama yake alikufa bila kuliamini.

"Zengo," Bujiku akauliza, sauti yake imeshuka, "ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi afadhali ungekuwa bahili." Akakaa.

Shigela akafungua kishikwambi chake juu ya goti. Kumbe ilihitajika tu mwenye kukabidhi na mwenye kupokea waweke vidole, kwa kila namba ya hereni.

"Kijana," Zengo akamwambia, na hilo ndilo jambo pekee alilouliza siku ile, "uliniambia mpaka mwakani."

Shigela alikuna kisogo, akatazama gari. "Mzee, mkubwa alipiga simu huko juu. Wakafungua."

Zengo aliweka dole gumba mara thelathini na nane. Mashine ilikikataa kidole mara nyingi kwa sababu ya nyufa zake, ikabidi kipakwe mafuta, kikapanguswa, kikawekwa tena. Waombolezaji wakatazama. Yote hayakuchukua hata saa moja. Kisha vijana wa Joakim wakafungua zizi, na ng'ombe wakatoka na majina waliyopewa na Domitila, na wawili au watatu wakasimama mlangoni mwa nyumba kama walivyozoea, wakisubiri kukamuliwa. Wakachapwa, wakaenda. Joakim alimshika Zengo bega. Alitaka kumwachia ndama mmoja wa ahsante, halafu akasita, akasema atamleta baadaye akishaachishwa ziwa. Mpaka leo hajamleta.

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata. Zengo alikuwa amekaa kizingitini, anatazama zizi linavyoota nyasi, simu yake ndogo ilipolia. Alisoma taratibu, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa kisomo cha watu wazima.

Ujumbe ulisema kwamba taarifa za mali za kaya yake zimehuishwa. Maombi yake ya msamaha wa matibabu yamekubaliwa. Mgonjwa, Domitila, afike ofisini yeye mwenyewe kwa ajili ya kuchukuliwa alama za vidole.

Aliusoma mara tatu. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akachuchumaa kando ya kaburi na kuusoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Mama Esteria," alisema, "wameandika si wangu. Serikali yenyewe imeandika."

Alisubiri kidogo, kama alivyozoea kumsubiri alipokuwa amenuna. Halafu akaiweka simu mfukoni, akainama na kuanza kung'oa magugu, maana tangu mvua ile yalikuwa yameota pande zote za kaburi.